Gesti za milimani: fika kabla jiko halijazimwa

Kila anayeniuliza kuhusu kutembea kwa miguu kutoka hifadhi ya Kitulo, kule nyanda za juu kusini mwa Tanzania, mpaka Matema kando ya Ziwa Nyasa anauliza viatu na begi, hakuna anayeulizia pa kulala. Mi kulala ndiko kulikonitia adabu.

Mara ya kwanza ilikua mwezi wa saba, gari lilichelewa kujaa pale Chimala, tukapanda zile kona 57 za mlimani gizani na Matamba, kamji ka kule juu karibu na hifadhi, tukaingia saa tatu usiku. Gesti safi tu, shuka zinanukia sabuni, ila jikoni kuni zimeshazimwa, maana yake hakuna maji ya moto, hakuna chai, hakuna chochote. Nikalala na koti, soksi jozi mbili na bado meno yanagongana aisee. Mwenzangu akataka tuombe jiko la mkaa tuliweke chumbani, nikakataa, akaninunia mpaka asubuhi. Sijutii. Sumu ya mkaa haina harufu, na kwa baridi ile dirisha umelifunga kabisa, mnalala wawili haamki hata mmoja. Omba blanketi la pili, au la tatu, usione aibu.

Safari iliyofuata nikaenda mwezi wa pili. Hifadhi ya Kitulo wenyewe wanaiita Bustani ya Mungu, na maua yake yanataka mvua, kwahiyo ukifuata maua jua kabisa umefuata tope. Safari hii nikafika saa kumi jioni, na kabla hata sijauliza bei ya chumba nikapita jikoni kuamkia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, na mvua yote hii? Hebu vua hivyo viatu vilete huku."

Vikawekwa karibu na moto (karibu, sio juu yake, soli inabanduka), nikapata ndoo ya maji ya moto, viazi mviringo na maharage, na nikaagiza chapati za njiani kabisa, kwa sababu asubuhi saa kumi na mbili ukitaka kuondoka hakuna atakayekupikia kama hukusema jana yake.

Hela toa mapema ukiwa bado mjini na uwe na chenji. Simu chaji umeme ukiwepo, usisubiri usiku.

Halafu lile daftari la wageni, watu wanajaza ovyo ovyo. Pale kwenye unakokwenda andika kweli, kama unashuka Matema kwa miguu andika hivyo na mwambie mhudumu unapita na mwongoza njia gani, maana ukipotea kule msituni ndio pa kuanzia kukutafuta.

Kushuka kwenyewe ni kutoka mita kama 2,600 mpaka chini ya 500 pale ziwani, magoti yanalia. Na Matema mambo yanageuka, kagua chandarua kama kina matundu, ulizia feni. Blanketi langu nililolibeba kwa jasho lote lile niliishia kulifanya mto.