Satelaiti za jeshi nazo huiogopa mvua

SWALI: Shikamoo mhandisi. Mimi ni fundi madishi hapa Mwanga, Kigoma. Juzi mvua iliposhuka kutoka ziwani, picha ya mteja wangu iligandaganda mpaka ikakata. Mzee mwenyewe ni askari mstaafu. Akaniambia nabahatisha kazi, maana satelaiti za jeshi hazikatiki hata ngurumo ipigeje. Ni kweli? Nani anaziendesha? Na LNB zetu, vile vichwa vya kunasia mawimbi mbele ya dishi, zinaweza kuzinasa?

JIBU: Marahaba, fundi. Mwambie mzee, kwa heshima zote, kwamba kwenye mvua amekosea. Satelaiti hizo zimeundwa kumkwepa adui, na kwa ajili hiyo wenyewe wamekubali kuumia zaidi na mvua kuliko wewe.

Chukua dishi ulilolielekeza kwenye satelaiti ya televisheni iliyo nyuzi 7 mashariki. Hapo Kigoma linatazama ziwani, upande wa Kongo, likiwa limeinuka kama nyuzi 63. Linapokea masafa ya gigahezi 11 au 12, yaani mawimbi yanayotikisika mara bilioni 11 au 12 kwa sekunde, na kadiri masafa yanavyopanda ndivyo matone ya mvua yanavyoyala mawimbi. Sasa tazama AEHF, satelaiti za Marekani za mawasiliano ya siri: zinapandishiwa ujumbe kwa gigahezi 44 na kuushusha kwa gigahezi 20. Kwa gigahezi 44, mvua kubwa ya Kigoma ni ukuta.

Walifuata nini huko juu? Kwanza, wembamba wa mwale. Dishi la sentimita 90 kwenye gigahezi 12 lina mwale wa karibu nyuzi 2. Dishi lilelile kwenye gigahezi 44 lina kama nusu nyuzi tu, kwa hiyo adui aliyekaa pembeni hapati kitu cha kudokoa. (Fikiria wewe kulifunga hilo juu ya bati linalotikiswa na upepo wa ziwa!) Pili, nafasi. Huko wana upana wa gigahezi 2 nzima, na ujumbe hauketi mahali pamoja: unarukaruka kutoka masafa haya kwenda yale, kwa mpangilio unaojulikana na wenye ufunguo tu. Anayetaka kuwavuruga kwa kelele hajui aelekeze wapi, inabidi aisambaze nguvu yake kote. Huku kwetu Tabora ningesema ni mtu mwenye ndoo moja ya maji: mche mmoja wa tumbaku ataugharikisha, kitalu kizima atakilowesha juujuu tu.

Tatu, na hili ndilo mafundi wengi hawalijui, satelaiti ya televisheni haichagui. Inachopandishiwa inakibadilisha masafa, inakikuza, inakushushia, hata kama ni kelele za mhuni mwenye mtambo mkubwa. AEHF, na kabla yake Milstar, ambayo ya kwanza ilirushwa Februari 1994, huufumbua ujumbe hukohuko juu, hutupa takataka, kisha huusuka upya. Tena hupashana zenyewe kwa zenyewe kwa gigahezi 60, masafa ambayo oksijeni ya hewa yetu huyameza. Ukiwa ardhini huwezi kudukiza mazungumzo yao.

Wanaoziendesha ni Kikosi cha Nne cha Operesheni za Anga za Juu, chini ya Jeshi la Anga za Juu la Marekani, katika kambi ya Schriever karibu na Colorado Springs. Usidhani ni kazi ya kwenye sinema. Inanikumbusha chumba cha kuongozea treni hapa stesheni ya Tabora: zamu usiku na mchana, watu macho kwenye vioo, wakikagua betri, joto, na kama satelaiti imesogea. Husogea kweli, kwa sababu jua na mwezi huivuta, na lazima irudishwe mahali pake kwa visukumo vidogo.

Visukumo hivyo viliwahi kuokoa satelaiti nzima. AEHF ya kwanza ilirushwa Agosti 14, 2010, na injini yake kubwa ya kuipandisha ikagoma. Wakaguzi wa serikali yao waliandika kwamba yaelekea kipande cha kitambaa kilisahaulika ndani ya bomba la mafuta kiwandani. Kitambaa, fundi! Wahandisi wakaipandisha kwa visukumo vya umeme, ambavyo msukumo wake ni kama uzito wa konzi ya dagaa wakavu. Ilifika kwenye obiti yake Oktoba 2011, baada ya miezi 14. Ya sita, ambayo ndiyo ya mwisho, iliruka Machi 2020.

Kuhusu LNB, hapana. Yako imetengenezwa kwa gigahezi 10.7 hadi 12.75, na hao wanashusha kwa 20. Hata ungepata kifaa cha masafa hayo, ungeambulia mchakacho uliofungwa kwa ufunguo.

Na mvua wanaipambanaje? Huacha nguvu ya akiba, na hupunguza mwendo. Njia ya polepole kabisa ya Milstar ilipitisha biti 75 kwa sekunde. Meseji moja ya simu yenye herufi 160 ingechukua kama sekunde 15 kupita. Amri ya vita huwa fupi, inatosha.

Wewe huwezi kupunguza mwendo wa mpira wa Simba na Yanga, kwa hiyo umebakiwa na nguvu ya akiba. Kama dishi la mzee ni la sentimita 60, mwekee la 90: eneo la kupokelea linakuwa mara mbili na robo. Kaza nguzo, badilisha kiungio cha waya kilichoingia kutu, na lipime siku ya jua ukisaka ubora wa juu kabisa kwenye king'amuzi. Usiridhike picha inapotokea tu. Mvua ikizidi sana bado litakata, ila litakuwa la mwisho kukata mtaani.