MySQL Ikigoma Kuwaka, Usikimbilie Kufuta XAMPP

"Kaka, MySQL inawaka kijani kidogo halafu inazima. Jamaa ananiambia nifute XAMPP niweke upya. Nifanye hivyo?"

Ujumbe huu umeingia juzi, na wa aina yake napokea kila mara. Usifute, mdogo wangu. XAMPP ni kifurushi kinachoweka seva ya wavuti na database kwenye kompyuta yako, na MySQL ndiyo database yenyewe, inakokaa data. Ukifuta XAMPP, folda yenye data yako inaweza kuondoka nayo, na hapo hata mimi sina msaada.

Mwezi uliopita niliitwa Morogoro, kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mfumo wa mauzo uko kwenye kompyuta ya mezani pale kaunta. Umeme ulikatika mchana, UPS (betri ya akiba) hakuna, uliporudi MySQL ikagoma. Nikamkuta mtaalamu mwenye vyeti vyake ameshamwambia mama mwenye duka kwamba data imekwenda, dawa ni kupiga Windows upya. Aliponiona akauliza, "Huyu ndiye yule wa YouTube?" Sikumjibu. Neno lile bado linanichoma, kwa kuwa ni kweli nilijifunzia YouTube, tena kwa bando la usiku.

Nikafungua logi, faili ambamo programu inaandika yanayoipata. Kwenye paneli ya XAMPP kuna kitufe cha Logs kwenye mstari wa MySQL. Faili lenyewe ni mysql_error.log, ndani ya C:\xampp\mysql\data. Karibu na mwisho palikuwa na maneno "Aria recovery failed". Tangu 2015 XAMPP inabeba MariaDB, database iliyotokana na MySQL, ingawa paneli bado inaiita MySQL. Majedwali yake ya ndani, yale ya watumiaji na ruhusa, yanatumia injini ya Aria (injini ni sehemu inayohifadhi majedwali), na ndiyo yaliyopigwa na umeme. Mauzo ya mama yalikuwa kwenye injini nyingine, InnoDB, na logi haikuyalalamikia hata kidogo.

Kwanza nikanakili folda yote ya data kwenye flashi. Halafu nikaibadili jina kuwa data_zamani, nikatoa nakala ya folda ya backup iliyo jirani yake, nikaiita data. Humo nikarudisha folda ya database ya duka, faili la ibdata1 na yale ya ib_logfile, ambayo ni ya InnoDB. Folda za mysql, performance_schema na phpmyadmin sikuzigusa. Zilizotoka backup zinatosha, ila watumiaji uliowatengeneza mwenyewe utawatengeneza tena. Ukisahau ibdata1, phpMyAdmin (ukurasa wa kusimamia database) itakuonyesha majina ya majedwali yote, ukibofya moja unaambiwa halipo kwenye injini. Na ib_logfile wengi wanaziacha, wakati mauzo ya dakika za mwisho kabla ya giza yanaweza kuwa humo humo.

Nikabonyeza Start. Kijani, poti 3306 (mlango ambao MySQL inapokelea maombi), ikatulia. Mama akafungua orodha ya wadaiwa akaanza kuwasoma kwa majina, mmoja mmoja, kwa sauti, wateja wakiwa wamesimama.

Vijana wenzangu mnaotaka kuishi kwa kazi hii, someni logi! Maandishi mekundu ya paneli yanataja sababu zote zinazowezekana kwa mpigo, hayakusaidii. Kama logi inasema poti imeshikwa, hakuna kilichoharibika. Fungua Command Prompt, andika netstat -ano | findstr 3306, uone namba ya programu iliyoikalia. Mara nyingi ni MySQL nyingine uliyoiweka zamani, inajiwasha pamoja na Windows. Izime kwenye services.msc, orodha ya huduma za Windows. Ukipenda kuhamia 3307, badilisha my.ini (faili la mipangilio la MySQL), kisha config.inc.php ya phpMyAdmin, kisha mfumo wako. Zote tatu. Na logi, nasema tena, isomeni kabla hamjagusa chochote.

Kingine: root, yaani mtumiaji mkuu wa database ya XAMPP, inakuja bila nenosiri, iwekee. Bonyeza Stop kabla ya kuzima kompyuta. Kwa duka lile nimepanga mysqldump, amri ya kutoa nakala ya database, ijiendeshe kila jioni kupitia Task Scheduler, faili linakwenda kwenye diski ya nje, na nimemwambia mama UPS inunuliwe kabla ya rangi mpya ya ukuta.

Alinilipa bila kuomba punguzo. Mtaalamu yule bado anapita pale dukani, nasikia anawaambia watu kwamba data ilirudi yenyewe.