Onyo la usalama kwenye barua pepe: nitajuaje kama ni la kweli?

SWALI: Mhariri, juzi usiku nilipokea barua pepe yenye nembo ya Google, ikidai kwamba mtu ameipata nywila yangu na kunitaka nibonyeze kitufe cha buluu ili niibadilishe mara moja. Kiswahili chake ni fasaha na jina langu halikukosewa, lakini nilipokishikilia kitufe hicho kwa kidole bila kukiachia, ilitokea anwani ndefu nisiyoielewa. Nikiipuuza nahofia kupoteza akaunti, nikiitii nahofia kuibiwa. Nifanye nini?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, kushikilia kitufe badala ya kukibonyeza kulikuwa uamuzi mzuri, kwa kuwa anwani iliyojificha nyuma yake hueleza mengi kuliko nembo. Katika anwani hiyo, tafuta mkwaju wa kwanza unaokuja baada ya ile miwili ya mwanzo, kisha soma kwa kurudi kushoto. Ukikuta, kwa mfano, https://google.com.hakiki-akaunti.info/ingia, mwenye tovuti ni hakiki-akaunti.info, na hayo maneno google.com yaliyotangulia ni pambo la kukupumbaza. Alama ya kufuli isikutulize, kwani huonyesha tu kwamba mawasiliano yamefichwa njiani, na tapeli naye huipata bila malipo.

Hata hivyo, nisingependa utegemee macho peke yake. Mwezi Aprili 2025 iligundulika barua ya ulaghai iliyoonekana kutoka no-reply@accounts.google.com, anwani halisi ya Google, tena ikiwa na saini sahihi ya kidijitali, yaani alama ya siri ya kompyuta inayothibitisha barua ilikotoka, huku kiungo chake kikielekea sites.google.com, mahali ambapo mtu yeyote anaweza kujitengenezea ukurasa. Aliyesoma anwani kwa haraka angeona google.com na kuridhika.

Wataalamu nao huteleza. Mwezi Machi 2016 John Podesta, mwenyekiti wa kampeni ya urais ya Hillary Clinton nchini Marekani, alipata barua inayofanana sana na yako, yenye kiungo kilichofupishwa, kisichoonyesha kinakoelekea. Mtaalamu wa kompyuta wa kampeni aliyeulizwa alijibu kwamba barua hiyo ni halali. Baadaye alieleza kwamba alikusudia kuandika kuwa si halali. Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba katika jibu hilohilo alikuwa ameweka anwani sahihi ya Google ya kubadilishia nywila, lakini kilichobonyezwa ni kiungo cha wadukuzi, na kuanzia Oktoba mwaka huo maelfu ya barua za Podesta yakachapishwa na WikiLeaks, tovuti inayoanika nyaraka za siri.

Kwa hiyo acha kujiuliza kama barua ni ya kweli, ujiulize kama tukio lenyewe limetokea, na jibu la swali hilo limo ndani ya akaunti yako. Funga barua, fungua kivinjari, andika mwenyewe myaccount.google.com, uingie kwenye sehemu ya usalama, ambako utaona matukio ya karibuni na orodha ya vifaa vilivyoingia. Ukikuta jambo usilolitambua, badilisha nywila hapohapo. Usipokuta kitu, barua haina kazi kwako. Njia hii inafaa pia kwa onyo linalodai kutoka benki, mradi utumie programu yao uliyokwisha kuiweka kwenye simu au namba iliyo nyuma ya kadi yako.

Iwapo ulikwisha kubonyeza kitufe na kuandika nywila kwenye ukurasa uliofunguka, ibadilishe leo, pamoja na kwingine kokote ulikoitumia, uviondoe vifaa vigeni, kisha uwashe uthibitishaji wa hatua mbili, unaodai uthibitisho wa pili zaidi ya nywila. Halafu pitia mipangilio ya Gmail uone kama kuna anwani ngeni inayopelekewa nakala za barua zako. Watu wengi husahau hapo, na mwizi akaendelea kuzisoma ilhali nywila imekwisha kubadilishwa.