Krismasi ugenini: usisubiri kualikwa, uliza unapanda gari gani

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Bungoma, Kenya, aliyeanza chuo Moshi mwezi wa kumi, aliniandikia: "Dada, nauli ya kwenda nyumbani na kurudi sina, na darasa zima linasema linaenda kwao. Wewe huko Arusha Krismasi hufanyaje?" Nilicheka kwanza. Halafu nikakumbuka kwamba swali hilo mimi lilinichukua miaka mitatu.

Mimi pia ni Mkenya, wa Kitale. Nilikuja Arusha 2021 kupanga safari za watalii katika kampuni moja ya hapa mjini, na kwenye utalii Desemba ndio msimu. Wageni wanashuka KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, usiku na mchana, huyu wa mlimani, yule wa Serengeti, na sisi wa ofisini tunapewa siku mbili tu, tarehe 25 na 26. Arusha hadi Nairobi kupitia Namanga ni kama kilomita 270, na ukifika Nairobi, Kitale bado iko mbali. Ningefika ushago, yaani kijijini kwetu, ninawe mikono, nigeuze. Kwa hiyo nilibaki.

Ambalo hakuna aliyenitahadharisha ni kwamba mji wenyewe haubaki. Wachagga, wenyeji wa Kilimanjaro, kila Krismasi wanarudi kwao kijijini, wanakwenda "kuhesabiwa". Ndivyo wanavyotaniwa, na mimi nilidhani ni utani tu. Ilipofika tarehe 23, Mangi (ndivyo huku anavyoitwa muuza duka Mchagga) wa dukani mtaani kwetu Sakina alikuwa ameshapiga kufuli mbili, fundi cherehani hayupo, dada wa saluni hayupo, na nyumba yetu yenye wapangaji sita tumebaki mimi na mlinzi.

Kwetu Krismasi bila chapati ni Jumamosi tu, na mwaka ule kweli ilikuwa Jumamosi. Nikakanda unga kilo mbili, peke yangu, utadhani nina ukoo. Chapati ya nne ikiwa kwenye kikaango, moto ukageuka wa njano, ukanywea, ukazima. Nikampigia muuza gesi wa kwanza, hapatikani. Wa pili alipokea, na nyuma yake nikasikia mbuzi analia. "Dada, mimi niko nyumbani Rombo, Kilimanjaro. Tarehe tatu nitakuwa nimerudi."

Mama akapiga simu saa hiyo hiyo. Uko na nani? Na marafiki. Mbona kumenyamaza hivyo? Nikamwambia wanasali.

Saa kumi nilitoka na zile chapati tatu na ile mbichi upande mmoja, nikampelekea mlinzi, mzee wa Kimasai ambaye hadi siku ile nilikuwa namsalimia nikiwa natembea. Nyuma ya kibanda chake jiko la mkaa linawaka, birika la chai ya maziwa juu yake. Akatazama chapati, akatazama mikono yangu yenye unga. "Jiko hili limewaka tangu asubuhi," akasema. "Mbona hukusema?" Tukazichoma zilizobaki pale pale hadi giza likaingia. Sikumwambia kwamba nililia jikoni. Nadhani alijua.

Mwaka wa pili nikajifanya mjanja. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yapo Arusha, hivyo watu wa nchi jirani hatukosekani hapa, na wengi tunaangukia mtego ule ule wa Desemba. Nikawakusanya: Wakenya watatu, Mganda, Warundi wawili, Mkongomani mmoja. Kila mtu alete kitu, nilisema. Kila mtu alileta kitu. Soda. Kreti mbili na nusu, na chakula ni wali niliopika mimi na kachumbari. Saa tisa tukapanda bajaji kwenda kutafuta nyama choma, na kwenye kulipa ndipo urafiki ulipopimwa. Mmoja hadi leo tunasalimiana kwa nyusi. Mkitaka kufanya sherehe ya wageni watupu, gawaneni majina ya vyakula na kusanyeni hela mapema, kabla ya siku. Zaidi ya hapo sina ushauri wa sherehe ile.

Sasa nisikilizeni vizuri. Ofisini nina mwenzangu wa Marangu, kule kwa Wachagga, tunakaa meza zinazotazamana. Kila Desemba alikuwa ananiambia, "Karibu nyumbani Krismasi." Na kila Desemba nikawa namjibu asante, nikisubiri aniambie siku na saa. Kwetu mtu akikualika anataja siku. Asipotaja, ni heshima tu ya mdomo, hutaki kumwaibisha kwa kutokea. Huku karibu haina tarehe. Nilikuja kulijua hilo 2023, siku niliyochoka kabisa nikamuuliza kwa hasira kidogo: "Nikija, napanda gari gani?" Akaweka kalamu chini. "Miaka miwili nakwambia karibu, leo ndio unauliza gari? Mama nilishamwambia Mkenya hapendi vya watu."

Yaani wakati mimi nanuna kwamba sikualikwa, kule Marangu walikuwa wamenuna kwamba nimekataa.

(Niwe mkweli: wapo pia waliokuwa wakiniambia karibu huku wakinibebesha zamu zao, wakaondoka bila kuaga, wakarudi na picha. Hao nimewasamehe, ila zamu zao sibebi tena. Utawatambuaje? Muulize anapanda gari gani. Wa kweli atakwambia na kituo cha kushukia.)

Tarehe 24 nikapanda Kosta hadi Moshi baada ya kazi, stendi hapakanyagiki, kisha gari la Marangu kupitia Himo, kisha bodaboda kutoka Marangu Mtoni, sukari kilo tano na mchele vikiwa mapajani. Usiende mikono mitupu, na usiende na ua. Sukari.

Asubuhi ibada, ndefu, na baada ya ibada mnada wa vitu vilivyotolewa sadaka: ndizi, kuku, mayai manane kwenye bakuli. Mzee aliyekuwa ananadi akanikazia macho. "Mgeni wetu katoka Kenya yote ile, atashindwa na mayai?" Sikushindwa. Bei niliyonunulia mayai yale sijamwambia mama yangu.

Nyumbani kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, migomba imefika hadi dirishani, kaka zake wamefika, mmoja kwa treni kutoka Dar, ile ya abiria iliyorudi Desemba 2019, na mbuzi wameshachinjwa. Nilikalishwa kwenye kiti kizuri, nikapewa soda, na nikaanza kuhisi upweke ule ule wa Sakina, safari hii katikati ya watu thelathini. Nikainuka, nikaenda jikoni, nikaomba kisu. Wakanipa ndizi za machalari, zile zinazopikwa na nyama, nimenye. Hakuna aliyenikumbusha kupaka mafuta mikononi kwanza, utomvu ukanishika vidole vyote vikawa vyeusi kama nimetengeneza gari, na bibi wa pale, ambaye alikuwa hajanisemesha, akacheka hadi akashika mlango. Akanishika mikono mwenyewe, akaisugua kwa mafuta ya kula, kidole kimoja kimoja. Kuanzia hapo nikaitwa kwa jina. Mbege, pombe yao ya ndizi, nilikunywa kwenye kata ya kibuyu; kisusio, supu yenye damu ya mbuzi, kilinishinda, nikasema hapana kwa adabu na hakuna aliyenuna.

Kwa hiyo nyinyi mnaojifungia ndani Desemba, mkihesabu nani amewaalika na nani hajawaalika, kiburi hicho mnakilisha cha nini? Nasema hivi kwa sababu kilikuwa changu. Sema una unga. Uliza gari. Ukifika, omba kisu.

Na wewe kijana wa Moshi, umeandika kwamba mama mwenye nyumba wako wa Kibosho alishakwambia "karibu kwetu" mara mbili. Mbili! Leo jioni nenda kamuulize anaondoka lini. Hata kama utaenda, mtungi wa gesi ujaze kabla ya tarehe 20, maana utarudi usiku wa tarehe 26 na njaa, na muuza gesi atakuwa bado yuko Rombo.