Mpe mtoto kijiko ahesabu sukari mwenyewe

Ukimwambia mtoto wa darasa la tatu kwamba soda ina sukari nyingi, ataitikia "ndiyo mwalimu", na saa nne utamkuta getini na mia tano yake mkononi. Si kwamba amekudharau. Hilo neno "nyingi" halina sura kichwani mwake.

Chukua chupa tupu ya soda ya mililita 300, glasi, sukari na kijiko cha chai. Mtoto mmoja asome kibandiko: soda nyingi za kawaida huwa na gramu 10 hadi 11 za sukari kwa kila mililita 100. Darasa lizidishe kwa 3, lipate kama gramu 32, kisha ligawanye kwa 4, maana kijiko cha chai hubeba takriban gramu 4. Vijiko 8. Sasa mwenzao avimimine kwenye glasi kimoja kimoja, darasa zima likihesabu kwa sauti. Kijiko kiwe mfuto, sawazisha juu kwa mgongo wa kisu. Kikifurika, hesabu inaharibika na watoto watakushika. Waambie pia kwamba Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa ibaki chini ya asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwa chini ya 5 ni bora zaidi. Kwa mtoto anayehitaji kilokalori 1,600 za nishati kwa siku, hiyo asilimia 5 ni vijiko 5 tu. Baada ya hapo nyamaza, glasi ikae mezani mpaka kipindi kiishe. Mtoto aliyekatazwa hunywa kwa kujificha. Aliyehesabu mwenyewe hupeleka habari nyumbani.

Mboga ndizo zenye kazi ndefu. Anayeusukuma mchicha pembeni ya sahani si mkaidi: watoto wengi huusikia uchungu kuliko watu wazima, na chakula kigeni hukitilia shaka. Ladha mpya huweza kuhitaji kuonjwa mara 8, hata 15, ndipo ikubalike. Wazazi wengi hukata tamaa mara ya tatu, wakaanza kusema mbele ya wageni "huyu wangu hali mboga", naye akalishika neno hilo kana kwamba ni jina lake. Mwekee kijiko kimoja tu, mara mbili au tatu kwa wiki, kando ya kitu anachokipenda. Anuse, alambe, hata ateme. Akikataa, ondoa bila maneno, umwekee tena baada ya siku mbili. Kauli ya "maliza mboga upate biskuti" iacheni kabisa, kwani inamfundisha kwamba mboga ni adhabu. (Mwalimu anayegawa pipi kwa waliopata maksi zote anafanya kosa hilo hilo, penseli inatosha.)

Na mara nyingine mwenye kosa ni jikoni. Mchicha uliochemshwa nusu saa mpaka ukawa mweusi, nani ataupenda? Osha kabla ya kukata, tia kwenye kitunguu na nyanya zilizokwisha kuiva, funika dakika tano, epua. Maji yake usiyamwage, yanaondoka na vitamini C na foleti, ambayo ni vitamini ya kundi B. Tui la nazi, karanga za kusaga au mafuta kidogo si ya utamu tu: mwili hupata vitamini A ya mboga vizuri zaidi pakiwa na mafuta. Makande nayo yasindikizwe na chungwa, maana husaidia mwili kufyonza madini ya chuma ya maharage. Chai ya rangi huyazuia, basi isubiri saa moja baada ya kula.

Turudi getini. Mama anayeuza pale si adui, na kumfukuza huwahamishia watoto kwenye duka la jirani. Kamati ya shule ikae naye, wakubaliane auze ndizi mbivu, karanga, mahindi na mihogo ya kuchemsha, vyote vikiwa vimefunikwa. Mpango huu huvunjika kwenye bei: ndizi ikiwa mia mbili na barafu ya rangi mia moja, mtoto atanunua barafu. Kwa hiyo bei ya ndizi ipangwe kwanza, isizidi ya barafu, na beseni lake likae mbele, pale mtoto anapolifikia kwa mkono.