Mwanangu, Nenda Ukapime

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Korogwe. Mama yako hajambo, mvua imeanza vizuri.

Ujumbe wako nimeusoma na kuurudia. Unasema mkeo keshafanyiwa vipimo vyote na hakikuonekana kitu, sasa daktari anataka upimwe wewe. Shangazi yako naye kakwambia wanaume wa ukoo wetu hawapimwi, bora "ujaribu nje" kwanza. Ukamalizia, "Baba, wewe ni tabibu, niambie ukweli."

Ukweli ni kwamba ulitakiwa upimwe tangu siku ya kwanza. Mtu na mkewe wakimaliza mwaka mzima wanakutana bila kinga na mimba haijaingia, wanachunguzwa wote wawili kwa pamoja. Mke akiwa amevuka miaka 35, hawangoji mwaka, miezi 6 inatosha. Ninyi mnaingia mwaka wa tatu. Katika ndoa zenye shida hii, karibu nusu yake kasoro huonekana kwa mwanamume, ama kwake peke yake ama kwa wote wawili. Na msijione mmeandamwa. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 ilisema mtu mzima 1 kati ya 6 hupitia hali hii wakati fulani wa maisha yake.

Kwenye chumba cha wagonjwa wa nje nimeona jambo moja lililoniumiza mpaka nastaafu. Mwanamke anaingia na bahasha ya vipimo kutoka kila kliniki aliyoambiwa, mumewe kabaki nje chini ya mwarobaini anachezea simu. Nikitoka kumwita, ananijibu, "Mimi sina tatizo, daktari, niko fiti." Anazungumzia nguvu za kiume. Mwanangu, mtu anaweza kuwa na nguvu zake zote, shahawa zikatoka nyingi tu, kumbe mbegu ni chache, au haziogelei, au hazimo kabisa. Kwa macho hazionekani, zinahitaji hadubini.

Mkeo alipigwa picha ya mirija. Unalala kwenye meza ya eksirei, dawa inaingizwa kwa mpira mwembamba mpaka kwenye mji wa mimba, na wengine hutoka pale wameshika tumbo, hawawezi kunyooka. Amevumilia hayo. Wewe unaombwa kikopo cha plastiki chenye mfuniko, ubavuni kimeandikwa jina lako na saa. Kabla ya hapo kaa siku 2 hadi 7 bila kutoa shahawa. Usitumie mafuta, sabuni wala mate, na kondomu ya kawaida usiitumie kukusanyia. Zote ziingie kikoponi. Zile za mwanzo zikimwagika waambie, maana ndizo zenye mbegu nyingi. Ukitolea nyumbani, kikopo kikae karibu na mwili kisipoe, na kifike maabara ndani ya saa 1.

Majibu yakiwa mabaya, usikate tamaa hapohapo. Kipimo hurudiwa, kwa sababu hata homa kali ya majuzi inaweza kushusha mbegu. Mbegu huchukua kama miezi miwili na nusu kutengenezwa, hivyo ukiacha sigara leo, subiri miezi 3 ndipo uangalie tena. Daktari umweleze kila kitu. Mwambie ulivyougua matubwitubwi ukiwa kidato cha pili, na korodani zikavimba. Mwambie na zile sindano za gym za kujaza misuli. Kama ni testosteroni, ile homoni ya kiume, mwili ukiipata kwa sindano ubongo huacha kuziamuru korodani zitengeneze mbegu, na kwa wengi hali hurudi wakiacha, ingawa huchukua miezi. Hizo dawa za chupa zinazouzwa stendi achana nazo.

Hata wakikuta hakuna mbegu kabisa, kwa wengine ni njia tu iliyoziba. Mbegu huweza kutolewa kwa sindano kutoka kwenye korodani, moja ikaingizwa ndani ya yai maabara. Watoto wa njia ya kuingiza mbegu moja ndani ya yai wanazaliwa tangu 1992. Matibabu ya aina hiyo yapo Dar es Salaam na Nairobi. Yanakula mamilioni ya shilingi na si kila jaribio hushika, kwa hiyo msiuze kiwanja kabla daktari hajawaeleza nafasi yenu ni kubwa kiasi gani.

Hili la "kujaribu nje" limenikasirisha. Mirija ya mkeo iko wazi, tumshukuru Mungu. Kisonono na klamidia, magonjwa ya zinaa, huweza kuiziba mirija, na mara nyingi mwanamke haoni dalili yoyote mpaka imeshaharibika. Ukitoka nje unaweza kumletea mkeo nyumbani ugonjwa utakaomfanya kweli asizae. Na huyo mtoto wa nje, akija, hatakuwa amejibu swali la daktari.

Hukuniuliza kuhusu mkeo, ila nasema. Mara ya mwisho mlipokuja, nilimwona kwenye arobaini ya mtoto wa jirani. Alimbeba mtoto, akacheka na wenzake, kisha akaenda kuosha vyombo peke yake uani mpaka wageni wakaondoka. Muulize hali yake, halafu unyamaze umsikilize. Siku zake zikija, uwe nyumbani. Kama halali, hali chakula, au analia kila siku, hiyo nayo inatibika, msiifiche kwa daktari. Tena ile kalenda ya kuhesabia siku mliyobandika ukutani itoeni. Mkikutana kila baada ya siku mbili au tatu, siku za kushika mimba hazitawapita, na chumba chenu kitarudi kuwa chumba cha mtu na mkewe.

Mkienda kliniki ingieni pamoja. Majibu ya kwanza kuyasikia yawe masikio yenu wawili, na ndugu wasiambiwe mpaka mkubaliane nani aambiwe nini. Mimi pia nihesabuni humo.

Shangazi yako niachie mimi, Jumapili anakuja kula hapa. Wewe Jumatatu piga simu maabara uulize wanapokea sampuli saa ngapi, na kama wana chumba cha faragha.

Nauli au pesa ya kipimo ikipungua, niambie.

Baba yako