Maswali ya Wasomaji: Maji Kujaa na Kupwa

SWALI: Hapa Mikindani tumezoea maji kupwa hadi mashua zinalala ubavu. Jamaa aliyerudi kutoka Kanada anasema kule bahari hupanda kimo cha nyumba ya ghorofa. Ni kweli? Nikijaliwa safari, nifanyeje nisiikose? (Msomaji, Mikindani, Mtwara)

JIBU: Ni kweli, wala jamaa yako hakutia chumvi. Anazungumzia Ghuba ya Fundy, mashariki mwa Kanada. Upande wake wa ndani kabisa, Burntcoat Head, tofauti ya maji yakijaa na yakipwa hufika meta 16. Mtwara, siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, ni kati ya meta 3 na 4.

Mwezi na jua ni vile vile; kinachotofautiana ni umbo la ghuba. Pwani yetu na yao, maji hujaa kila baada ya saa 12 na dakika 25 hivi. Kwa urefu na kina chake, maji ya Fundy yakisukumwa huenda na kurudi kwa muda unaokaribia sana huo huo, basi kila msukumo wa Atlantiki huyakuta yako njiani na kuyaongezea nguvu. Mchota maji analijua hili: hatua zake zikilingana na mtikisiko wa ndoo, maji humwagika. Tena ghuba inazidi kuwa nyembamba na kina kifupi kuelekea ndani, na maji hayana pa kwenda ila juu.

Nenda Hopewell Rocks, miamba iliyo kwenye ghuba hiyo, kama kilometa 40 kutoka mji wa Moncton. Hufunguliwa kati ya mwezi Mei na Oktoba, majira ya baridi hapana. Wageni wengi hufika wakati mmoja tu, wakapiga picha, wakaondoka; hao wameona nusu. Kati ya maji kupwa na kujaa ni saa sita na ushee, kwa hiyo panga siku nzima: asubuhi utembee chini ya miamba, alasiri uione kutoka juu ikiwa visiwa. Vaa viatu vya kufunga, matope yake yanateleza. Pale pale Moncton, mto Petitcodiac hupanda kinyume mara mbili kwa siku, wimbi likitangulia. Viza ya Kanada inadai alama za vidole, hivyo anza mapema.

SWALI: Je, ipo barabara ya magari inayofunikwa na bahari? (Msomaji, Lindi mjini)

JIBU: Ipo Ufaransa, inaitwa Passage du Gois, kilometa 4 na kidogo kwenda kisiwa cha Noirmoutier. Huvukwa kuanzia saa moja na nusu kabla ya maji kupwa kabisa hadi saa moja na nusu baadaye. Njiani kuna minara ya kukwea kwa waliochelewa.

SWALI: Wageni wangu wanataka kutembea kwenye mafungu ya mchanga huko Msimbati. Nitajuaje saa bila jedwali? (Msomaji, Mtwara)

JIBU: Hesabu mwezi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, na siku mbili tatu zinazofuata, ndiyo bamvua. Maji hupwa sana majira ya saa nne au saa tano asubuhi. Kila siku inayofuata ongeza dakika 50. Baada ya wiki ni maji mafu, hayarudi mbali, wala haifai kuwasumbua wageni. Bamvua kubwa kuliko zote huja karibu na Machi na Septemba.

Ingieni saa mbili kabla ya maji kupwa kabisa, na yakianza kugeuka nanyi mgeuke. Watu hunaswa kwa sababu saa ya kwanza maji hupanda polepole na kuwatuliza, kisha saa ya tatu na ya nne pekee huleta nusu ya maji yote. Zaidi ya hapo, mfereji ulio nyuma yako hujaa kabla ya fungu ulilosimama kulowa. Kabla ya kuvuka mfereji wowote, pima kina chake kwa fimbo na ukumbuke mlikopita.

Kandambili hazifai, raba zenye soli nene huzuia miiba. Msikanyage matumbawe, pitieni kwenye mchanga. Na mkiwakuta akina mama wanachokoa pweza, waulizeni wao saa ya kurudi.